Je, filme njo inafundisha vijana kupigana? Kutoka Bills wa Léopoldville hadi michezo ya telefone

Katika mikutano ya wazazi, ikifika saa ya mambo mengineyo, hakukosi mzazi mmoja wa kusimama na kusema: « Filme njo inaharibisha batoto. » Zamani ilikuwa sinema, kisha zikafika kaseti za video, kisha CD, na sasa ni michezo ya mapigano ndani ya telefone. Chombo kinabadilika, lawama ni ileile. Sisi walimu tunaisikia pande mbili: wazazi wanatuuliza kwa nini masomo hayafundishi tena adabu, na watoto wanatujibu kwamba ni mchezo tu.

Katika kurasa hizi tunataka kulichunguza swali hili kwa njia ya historia. Hatuji kuitetea filme, na hatutaki kuihukumu kabla ya kusikiliza mashahidi. Inchi yetu yenyewe iko na ushahidi mkubwa, ule wa vijana wa Léopoldville wa miaka ya 1950. Bankambo wetu nao waliacha ushahidi wao, maana hadithi zao hazikukosa damu. Tukiweka mambo haya mawili pamoja, linatokea jambo moja wazi: picha ya ugomvi peke yake haimtumi kijana kupiga mtu. Lakini ikimkuta kijana asiye na kazi, mwenye njaa ya kuwa mtu mbele ya wenzake, na hakuna mkubwa pembeni yake, inampa jina na namna ya kupiga.

1. Bills wa Léopoldville

Serikali ya Wabelgiji iliogopa sinema mapema. Toka 1945 sheria ilisema kwamba mtu mweusi asiingie kuangalia filme ambayo tume ya serikali haijaikubali. Waliogopa nini? Waliogopa mweusi amwone mzungu akiiba, akidanganya, akipigwa chini na mzungu mwenzake. Heshima ya mzungu ingeanguka, na kwa heshima ile njo walikuwa wanatawala. Mapadri nao wakatengeneza filme zao za mafundisho: Edisco-Films kule Léopoldville, Luluafilm kule Luluabourg (leo Kananga), na Africa Films hapa kwetu Bukavu. Wazee wengi wanakumbuka bado Matamata na Pilipili, wale wachekeshaji wa padri Albert Van Haelst.

Lakini vijana wa site ya Léopoldville hawakushikwa sana na mafundisho. Walishikwa na cowboy. Filme za kimarekani za farasi, bastola na kofia kubwa zilipita katika tundu za ile sheria, na jina la Buffalo Bill likaingia katika kila mdomo. Kufika nusu ya miaka ya 1950, makundi ya vijana yalikuwa yanajiita Bills. Walivaa suruali za jeans, mashati ya mistari na vitambaa shingoni. Kartye zao walizipa majina ya Marekani: hapa Texas, pale Dallas. Wakatunga lugha yao, lingala iliyochanganywa na kifaransa, na maneno mengine yaliyopinduliwa ili mzazi asisikie kitu. Lugha ile ikaitwa hindubill, kwa sababu filme za kihindi nazo zilipendwa sana pamoja na zile za Bill.

Tusifanye kama vile ulikuwa mchezo wa nguo tu. Makundi yalipigana, kartye kwa kartye. Wasichana njo walioumia zaidi: msichana aliyevuka mpaka wa kartye aliweza kukamatwa na kuharibiwa. Mwanahistoria mkongomani Didier Gondola, aliyeandika kitabu kizima juu ya Bills mwaka 2016, hakuficha jambo hilo. Anayesimulia Bills kwa kucheka tu anawasahau wasichana wale.

Basi, je, filme njo ilifanya vile? Tutazame mambo matatu.

La kwanza ni mji wenyewe. Mwaka 1940 Léopoldville ilikuwa na watu karibu 50 000. Kufika 1960 walikuwa karibu 400 000. Masomo hayakutosha kwa watoto wote, na toka mwaka 1957 kazi ilipunguka sana. Kijana asiye na kazi aliweza kukamatwa na kurudishwa kijijini kwa nguvu, hata kama alizaliwa mjini na kijiji kile hakukijua. Baba yake, mtu mzima, aliitwa « boy » na mzungu wa miaka 20. Kijana alitafuta fasi ya kujifunza uanaume, na fasi ile haikuonekana.

La pili ni hili: Bills hawakuichukua filme vile ilivyokuja. Katika filme zile cowboy anawashinda Wahindi Wekundu na kuchukua ardhi yao. Kama vijana wetu wangefuata filme neno kwa neno, wangejiona katika wale Wahindi, watu waliotawaliwa kama wao. Hawakufanya vile. Walichukua kofia, mwendo na jina, na wakaacha habari nyingine zote. Tena waliongeza vya kwetu: dawa za nguvu walizoita kamo, zilizochanjwa mwilini, pamoja na mazoezi ya kujenga kifua. Hakuna kamo katika filme ya Hollywood. Ile ilitoka kwa bankambo, lakini ilitoka nusu. Nguvu ilichukuliwa, na masharti yake yakaachwa kijijini. Tutalirudilia jambo hilo.

La tatu ni padri mmoja wa shirika la Scheut, Jozef de Laet. Wakati wengine waliomba polisi iwafagie wale vijana, yeye aliingia kati yao, akazungumza lugha yao, akawakusanya na kuwapa kazi za kufanya pamoja, mpaka wakamwita Père Buffalo. Filme hazikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa mkubwa mmoja aliyekaa nao.

Siku ya tarehe 4 Januari 1959, siku ya Mungu, mkutano wa ABAKO ulikatazwa. Watu wenye hasira wakakutana na wale waliokuwa wanatoka kuangalia mpira, na mji ukawaka moto. Serikali ilihesabu wafu karibu 50. Wengine walisema walikuwa mamia. Bills walikuwamo. Lakini nani leo angesema kwamba siku ile ililetwa na Buffalo Bill? Ililetwa na mkutano uliokatazwa, kazi iliyokosekana, na matusi ya miaka mingi. Mwaka mmoja na nusu baadaye, tarehe 30 Juni 1960, inchi ikapata uhuru.

Upande wa kusini, ngambo ya Katanga, mambo yalikuwa yanafanana. Katika makambi ya migodi ya Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia), filme za cowboy zilijaza uwanja. Mwanamke mtaalamu wa Marekani, Hortense Powdermaker, alikaa Luanshya mwaka 1953 na 1954 na akaeleza namna watu walivyopiga makelele kumshangilia cowboy, waliyempenda kuliko wachezaji wengine wote. Sinema ileile, furaha ileile. Lakini makambi ya migodi yalikuwa na kazi na mshahara, na jina la Luanshya halikubaki katika historia kwa vita ya cowboy. Lilibaki kwa migomo ya wafanyakazi.

2. Bankambo hawakuogopa kusimulia vita

Wengine wanasema: « Zamani watoto walisikia hadithi nzuri, siku hizi wanaona damu paka damu. » Wanaosema vile hawakusikiliza hadithi zile vizuri. Katika hadithi za jioni, mnyama mdogo anamwua mkubwa kwa ujanja, na zimwi linameza kijiji kizima. Na hadithi kubwa ya Wanyanga wa Walikale, ile ya Mwindo, inaanza na baba anayetaka kumwua mtoto wake.

Hadithi ya Mwindo iliandikwa mwaka 1956, wakati mzee Candi Rureke alipoisimulia, kuiimba na kuicheza mbele ya Daniel Biebuyck. Ikatolewa kitabuni mwaka 1969 kwa kazi ya Biebuyck pamoja na mnyanga mwenyewe, Kahombo Mateene. Tuifuate kwa ufupi, kwa sababu jibu la swali letu limo ndani yake.

Shemwindo, mtawala wa Tubondo, aliwaambia wake zake wazae wasichana tu. Mwindo akazaliwa mwanaume, anatembea na kusema siku ileile, na fimbo yake ya nguvu mkononi, conga. Baba akamtupia mikuki, akamzika, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mwindo akaokoka, akafika kwa shangazi yake Iyangura, kisha akarudi na wajomba zake kuishambulia Tubondo. Kijiji kikateketea. Baba akakimbilia chini ya ardhi, na mtoto akamfuata mpaka kuzimu, akapigana na wakubwa wa huko.

Mpaka hapa ni kama filme yoyote ya kisasi. Lakini mzee Rureke hakuishia hapa. Mwindo anamkamata baba yake na hamuui. Anamrudisha Tubondo, na kwa conga yake anawafufua wale waliokufa. Kikao kinakaa, shangazi Iyangura akiwa katikati, baba anaeleza mabaya yake mbele ya watu wote, na ufalme unagawanywa kati ya baba na mtoto. Hadithi haijakwisha bado. Mwindo anaua joka Kirimu, na joka lile lilikuwa rafiki wa Nkuba, Radi. Radi anamchukua Mwindo mpaka mbinguni. Kule, kwa muda wa mwaka mmoja, Mvua, Mwezi, Jua na Nyota wanamwonyesha kwamba yeye si kitu. Anakatazwa kujisifu, anakatazwa kuua tena mnyama. Anarudi amenyamaza, na sasa tu njo anaweza kuwapa watu wake sheria na kuwatawala.

Ndugu wasomaji, tulifikiri jambo hili. Shujaa wa Wanyanga si yule aliyeshinda vita. Ni yule aliyeshinda vita, kisha akaketishwa chini na kufundishwa. Nusu ya kwanza ya hadithi inampa kijana anachokipenda. Nusu ya pili inampa anachokihitaji. Mwenye kusimulia hakumwacha msikilizaji katika nusu ya kwanza.

Tena angalieni namna ya kusimulia. Hadithi ilitolewa mbele ya watu wengi, walioitikia nyimbo, waliopiga vijiti, waliocheka na kuuliza. Mtoto alisikia habari za mauaji akiwa kati ya nyanya yake na mjomba wake. Akiogopa, mkono wa mtu uko karibu. Akishangilia ubaya, yuko mtu wa kumwangalia kwa jicho.

Ni vile hata kwa jando. Mukanda ya Wachokwe na Wapende, bwali ya Walega, nkumbi ya Wabira kule Ituri: ndani yake kulikuwa maumivu, woga, hata kupigwa. Hatuwezi kusema kwamba bankambo walilea watoto bila ukali wowote. Lakini ukali ule ulikuwa na mlango wa kuingia na mlango wa kutoka, na walinzi walioujua. Siku ya mwisho kijana anaoga, anapewa nguo mpya, anarudi kwa mama yake akiwa na jina. Bills walijipa majina wenyewe, na hakuna aliyewafungulia mlango wa kutoka. Njo maana tulisema kwamba kamo yao ilitoka kijijini nusu.

3. Wataalamu wanasema nini?

Wanasayansi wa mambo ya akili wanabishana juu ya jambo hili toka zaidi ya miaka 60. Mwaka 1961, katika chuo kikuu cha Stanford kule Marekani, Albert Bandura aliwaonyesha watoto wadogo 48 kati ya 72 mtu mzima akicheza. Kwa nusu yao mtu yule alipiga na kutukana mdoli mkubwa wa kupulizwa. Waliomwona akipiga walimwiga zaidi kuliko wengine. Baadaye alitumia filme, na watoto wakaiga vilevile. Wengi wanaishia hapo na kusema: « Mnaona? »

Lakini Bandura aliendelea. Mwaka 1965 aliwaonyesha watoto filme yenye miisho mbalimbali: mpigaji anasifiwa, mpigaji anakaripiwa, au hakuna anayesema neno. Waliomwona anakaripiwa waliiga kidogo zaidi. Kisha wote wakaahidiwa zawadi kama wataonyesha walichokiona, na karibu wote waliweza. Maana yake: wote walijifunza kupiga, lakini kupiga au kutopiga kulifuata neno la mkubwa. Mzee Rureke hakuwa na maabara, lakini jambo hilo alilijua.

Kwa michezo ya video, wataalamu wamegawanyika. Shirika la wanasaikolojia wa Marekani lilitangaza mwaka 2015 kwamba michezo ya mapigano inaongeza ukali. Mwaka 2020 likaweka mpaka: kuna uhusiano mdogo na mambo kama kupiga kelele na kusukumana, lakini ushahidi hautoshi kusema kwamba michezo ile inaleta uhalifu wa kuua na kujeruhi. Mwaka 2019 watafiti wa Oxford walichunguza vijana karibu 1 000 wa Uingereza, wa miaka 14 na 15, wakawauliza na wazazi wao, na hawakuona uhusiano wowote. Tena Japani na Korea ya Kusini ni inchi za michezo ya video kabisa, lakini mauaji ni machache sana kule. Kama mchezo ungetosha kumfanya mtu muuaji, Tokyo isingelalika.

4. Picha inayoonyesha na sauti inayoamuru

Hata hivyo sisi watu wa Kivu hatuwezi kusema kwamba maneno ya redio na picha hayana nguvu. Tuko jirani na Rwanda. Redio RTLM ilianza mwaka 1993, na mwaka 1994 ilitaja watu kwa majina na kuwaita wengine waende kuwaua. Mahakama ya Arusha iliwahukumu wakubwa wa vyombo vile mwaka 2003; rufaa ya 2007 ilipunguza adhabu, lakini haikuwasafisha. RTLM haikuwa mchezo wala hadithi. Ilikuwa amri, yenye jina na anwani ya mtu. Na hata hapo, mtafiti Scott Straus aliwauliza wafungwa 210 waliokiri kuua, na wengi walisema walivutwa zaidi na wakubwa wa mtaa na majirani waliofika mlangoni kuliko na redio. Redio iliwasha, mtu njo aliyeshika mkono wa mtu.

Katika vita vyetu wenyewe ni vile. Kadogo wa mwaka 1996 na wale waliofuata, nani aliwafundisha kuua? Wako waliojipa majina kama Rambo, ndiyo. Lakini jina halipigi risasi. Mwaka 2012 mahakama ya La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga kwa kosa la kuwaingiza watoto wasiofika miaka 15 katika jeshi lake kule Ituri mwaka 2002 na 2003. Haikuhukumu filme. Ilihukumu mtu mzima aliyempa mtoto bunduki. Njo hatari tunayoiona: tukiisukumia filme lawama yote, mwenye kugawa bunduki anapita pembeni, mikono mfukoni.

Liko jambo jingine tusilolisahau. Wengine wanafikiri kwamba inatosha watu wazungumze baada ya kusikiliza. Mchezo wa redio Kumbuka Kesho ulitangazwa huku mashariki ya Kongo kwa ajili ya kupatanisha watu. Mtafiti Elizabeth Paluck, katika kazi aliyoitoa mwaka 2010, alilinganisha fasi ambako mchezo ulitangazwa peke yake na fasi ambako ulifuatwa na kipindi cha kuwasukuma wasikilizaji kujadiliana. Wa kipindi walijadiliana zaidi, kweli. Lakini walitoka na chuki zaidi kwa wale wasiowapenda, na walikuwa wazito zaidi kuwasaidia. Ni funzo zito kwetu. Mazungumzo yasiyo na mwongozi yanaweza kuwa kuni juu ya moto. Katika kikao cha Tubondo watu hawakupayuka tu: kulikuwa Iyangura, na baba alieleza kosa lake mwenyewe, si kosa la jirani.

5. Basi tufanye nini?

Kufunga nyumba za video na kunyanganya telefone? Wabelgiji walikuwa na tume, sheria na polisi, na bado Bills walitokea. Anayekataza bila kuweka kitu pale alipokataza anampa kijana siri, na siri inanoga kuliko filme. Hata hivyo mtoto wa miaka 6 kukaa usiku mbele ya filme za kuchinjana si jambo la kuacha. Bankambo nao walikuwa na hadithi za watoto na mambo ya wakubwa, na hawakuchanganya.

Tunapendekeza mambo matatu tu, ambayo hayaombi franka nyingi.

Kwanza, mkubwa akae. Mzazi asiulize tu « Unaangalia nini? » kutoka ku jikoni, akae pembeni ya mtoto nusu saa, aangalie naye, aulize: huyu aliyekufa, mama yake yuko wapi? Nani atamzika? Filme haionyeshi kilio cha nyumbani. Sisi tunakijua kilio kile, tukionyeshe.

Pili, walimu tuiingize hadithi ya Mwindo katika somo, mpaka mwisho wake, si vita vya Tubondo peke yake. Tuwaombe wanafunzi waseme: katika mchezo wa telefone yako, shujaa akishinda, nani anamfundisha? Kuna Nkuba wake?

Tatu, mashirika ya mila, hili letu pamoja na mengine, yasiishie kucheza ngoma siku za sikukuu. Vijana wanahitaji mlango wa kuingia katika utu uzima na watu wa kuulinda. Jando ya zamani haitarudi vile ilivyokuwa, na mengine ndani yake hatuombi yarudi. Lakini kazi yake haijapata mrithi. Fasi ile ikibaki wazi, atakuja kuijaza Bill, au Rambo, au mwenye bunduki.

Wazee walisema: asiyefunzwa na mamaye, hufunzwa na ulimwengu. Leo ulimwengu umeingia mfukoni mwa mtoto, unalala naye na kuamka naye. Hatuna nguvu ya kuufukuza. Tuko na nguvu ya kukaa pale pale, kati yake na mtoto, na kusimulia nusu ya pili ya hadithi.